Milango ya Rambler

Mesa, Arizona
4 Machi 2018

Dada Arlene,

Hujambo huko kwenye theluji? Shemeji Norb naye hajambo? Mimi naendelea, isipokuwa goti. Daktari anataka kunibadilishia, nami namwambia limenifikisha hapa, basi litanimalizia safari. Binti yangu Denise amehamia Denver na mumewe, ananipigia simu Jumapili akikumbuka. Tangu mke wangu Patty afariki nakula huku redio imewashwa, maana nyumba kimya inanishinda.

Sasa sikia. Jumamosi nilikwenda kwenye maonyesho ya magari ya kale, yale ya kila mwezi. Miaka yote watu hubanana kwenye Mustang na Corvette mpaka huoni gari lenyewe. Safari hii umati ulikuwa pembeni kabisa, karibu na vyoo. Nikajipenyeza, nikakuta nini? Rambler Classic, lile la familia lenye buti refu, rangi ya supu ya njegere, pacha wa gari la Baba. Vijana wenye ndevu wamepiga magoti wanapiga picha vitasa. Mmoja anamwambia mkewe, "Haya ndiyo magari watu hawakuyathamini. Ona, viti vinalala mpaka vinakuwa kitanda." Nikataka kumwambia, kijana, viti hivyo ndivyo vilivyofanya kila baba wa binti pale Kenosha anifukuze mlangoni.

Hapo nikajuana na bwana mmoja, Pruitt, daktari wa meno aliyestaafu. Ana ghala zima la magari yaliyochekwa zamani. Yaliyopakwa rangi upya hayataki. Anatafuta lililobaki vilevile lilivyotoka kiwandani, tena la familia moja tangu mwanzo. Nilipomtajia la Baba, alisahau kunywa soda yake.

Basi nakuomba, usilioshe, usilipanguse. Mama alitugombeza utoto wetu mzima kwa vumbi la gari lile, na leo vumbi hilohilo watu wanalitafuta. Na umwambie Norb asiguse kitu. Nijibu mapema.

Ndugu yako,
Merle


Kenosha, Wisconsin
9 Aprili 2018

Mdogo wangu Merle,

Barua yako ilifika mapema, nikaiweka juu ya friji, ikakaa. Usinune. Sisi tupo. Theluji iliondoka ikarudi, kama kawaida yake. Samaki wa Ijumaa pale kanisani hatukwenda Kwaresma hii, lakini jirani yetu Bi Halvorsen alituletea sahani mbili na saladi ya kabichi. Masikio yangu ni yaleyale, simu imebaki pambo la ukutani, kwa hiyo uvumilie barua. Nasikitika kusikia unakula na redio. Patty alikuwa na maneno mengi, na sasa naona yalikuwa na kazi yake.

Gari lipo gerejini. Watu husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hili halijajiuza tangu Baba alilete nyumbani, na leo linatafutwa na daktari wa meno. Nami namkumbuka kijana mmoja aliyekuwa akimwomba Baba amshushe mtaa wa pili kutoka shuleni, ili wenzake wasilione. Ukikutana na huyo kijana huko kwenye maonyesho, nisalimie.

Si wakati wake sasa, Merle. Tuliache. Samahani kwa mwandiko, bega la kulia linanisumbua kidogo. Ni uzee tu.

Dada yako,
Arlene


Mesa, Arizona
20 Aprili 2018

Dada,

Umenipata kwa lile la mtaa wa pili. Nilicheka peke yangu jikoni. Goti ni lilelile. Pole kwa bega, jipake ile dawa ya farasi aliyoipenda Mama.

Kitu kimoja kimenishangaza. Kadi yenu ya Pasaka ilikuja na jina lako peke yako. Miaka yote Norb huchora sungura mwenye miwani pale chini na kuandika kwamba ni mimi. Mwaka huu hakuna sungura. Tumegombana bila mimi kujua?

Pruitt haniachi. Amenifundisha wanachotazama wakusanyaji, na injini si ya kwanza. Wanafungua mlango wa dereva na kuchungulia bawaba. Kiwandani milango ilitangulia kufungwa, ndipo gari zima likapakwa rangi, kwa hiyo vichwa vya bolti vina rangi ileile ya gari. Spana ikipita pale hata mara moja, rangi inachubuka kwenye kona, na huwezi tena kumdanganya mtu. Namweleza nani? Norb alifunga milango ya magari hayo pale kiwandani Kenosha tangu ujana wake mpaka walipofunga geti. Alikuwa akiapa kwamba hata milango ya gari la Baba aliifunga yeye, na Baba akisema ndiyo maana alikubali akuoe.

Nipigie picha za bawaba za milango yote minne. Na moja ya Norb, akiwa amesimama kando ya gari. Pruitt anapenda vitu vya namna hiyo, na mimi nataka kumwona.

Merle


Kenosha
24 Juni 2018

Merle,

Samahani kwa kuchelewa. Mvua zilikuwa nyingi, bustani ikanishinda, nyanya zimekufa. Mzee Halvorsen amezikwa Mei. Watu walikuwa wengi, na nyama ya kuwekea mikate ikaisha kabla ya familia kula.

Picha ndiyo hiyo. Ni ya mbele tu. Za milango hazikutoka vizuri. Norb hakuwepo nilipopiga.

Hatujagombana na mtu. Usiniulize kila mara.

Arlene


Mesa, Arizona
2 Julai 2018

Dada,

Natumaini hamjambo. Huku kwa joto huwezi kushika usukani bila glavu.

Picha nimeipata. Umepiga taa mbili na boneti, na kwenye kona naona kiwiko cha mtu mwenye shati la bluu la kazi. Kama Norb hakuwepo, basi kiwiko chake kilikuwepo. Sijui unanificha nini, na nimechoka kubahatisha. Nikiandika kurasa mbili unanijibu mvua na nyanya.

Gari ni letu sote wawili. Baba alisema hivyo mbele ya Mama, ingawa limekaa kwako. Pruitt anakwenda Wisconsin Agosti kwa shughuli zake, anavuta tela. Atapita kwako Jumamosi ya tarehe kumi na nane. Nimekwisha mpa mkono kwamba akilipenda ni lake, na ahadi ni deni. Nimefanya haraka kwa sababu vinginevyo hutajibu mpaka tufe wote.

Usikasirike. Au kasirika, lakini uandike.

Merle


Kenosha
11 Julai 2018

Merle,

Nimekasirika. Sasa naandika.

Norb hana tena akili yake. Ilianza msimu wa baridi wa mwaka juzi. Asubuhi moja aliamka kabla yangu, akavaa shati la kazi, akajifungia mkate wake wa soseji ya maini, akatoka. Polisi walimkuta kwenye uzio wa kiwandani. Unajua pale sasa hakuna kitu, ni uwanja wa majani tu. Alikuwa ameshika waya wa uzio anawauliza kwa nini geti limefungwa na zamu imeanza. Walimrudisha, na kesho yake akatoka tena. Nikifunga mlango wa nyumba alilia, au alinipigia kelele. Norb, ambaye hajawahi kumpigia kelele hata mbwa.

Siku ya tatu nikamwambia, "Leo kazi iko gerejini." Nikamfungulia. Akaliona Rambler, akaenda moja kwa moja kwenye sanduku la spana. Kwa hiyo usimlaumu yeye. Mimi ndiye niliyemfungulia.

Tangu siku hiyo anafanya kazi kila asubuhi isipokuwa Jumapili. Anaufungua mlango wa dereva, unalazwa juu ya blanketi, kisha unafungwa upya. Anapitisha dole gumba kwenye nafasi kati ya mlango na bodi, kutoka juu mpaka chini. Asiporidhika anaanza tena. Mchana anaingia kula, na jioni yote ametulia, anatazama ndege dirishani. Siku ambayo hafanyi kazi, hakuna mtu anayelala nyumba hii.

Hizo bolti zako hazina hata chembe ya rangi. Zinang'aa kama vijiko. Mwambie Pruitt asijisumbue.

Sikukuambia kwa sababu ungeniambia nifanye nini, na mimi nimechoka kuambiwa. Nimechoka, Merle. Napiga magoti kusali, halafu nasahau nilitaka kuomba nini. Siku nyingine nalichukia gari lile kama mtu. Natamani liondoke hata leo. Kisha namwona anapangusa mikono kwa kitambaa chake, ameridhika na kazi ya siku, na sijui likiondoka mikono ile itashika nini.

Arlene


Mesa, Arizona
23 Julai 2018

Dada yangu,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama kwenye sanduku la posta, juani, mpaka jirani akaniuliza kama niko salama. Pole sana. Sijui niseme nini zaidi ya pole. Sungura wa Pasaka sasa nimemwelewa.

Nimefikiri kwa utulivu, nami nakuandikia kama ndugu. Kwanza, funga gereji kwa kufuli. Mtu wa hali ile na spana ni hatari, na uzito wa mlango utakuja kumwangukia mguuni. Pili, kuna nyumba nzuri za wazee wa namna hiyo hata hapo Kenosha, wana wauguzi na bustani. Si dhambi. Tatu, umesema ni mlango wa dereva tu anaoufungua. Basi milango ya nyuma ni mizima, na rangi yake ya kiwandani ipo. Nilimpigia Pruitt. Anasema hata hivyo angependa kulitazama. Likiondoka sasa, litakaa mahali pakavu, watu wataliheshimu, na wewe utapumzika. Si umesema mwenyewe unatamani liondoke?

Ningekuja mwenyewe, lakini goti hili, na safari ni ndefu. Nitakuombea.

Merle


Kenosha
27 Agosti 2018

Merle,

Asante kwa maombi.

Pruitt alikuja, na tela lake safi kuliko jiko langu. Mtu mpole, suruali imenyooka, kofia mkononi. Nikamkaribisha mezani, nikamkatia keki ya kringle yenye karanga za pekani, nikamwandikia kwenye karatasi kwamba sisikii vizuri na azungumze akinitazama usoni. Nilitaka nimcheleweshe mpaka Norb achoke na kazi. Hakuchoka. Aliingia jikoni akiwa na spana, amekunja uso, nami nikaisoma midomo yake vizuri kabisa, maana maneno hayo nayajua.

"Kaz! Laini ya magari inatembea, wewe unakunywa kahawa?"

Pruitt akadhani anaambiwa yeye. Akainuka kuomba radhi. Lakini Norb alikuwa akinitazama mimi.

Unamkumbuka Kaz? Kazimierz, yule mwenye kifua kipana aliyepiga kodiani kwenye harusi yetu. Yeye na Norb walifunga milango pamoja mpaka Kaz alipokufa. Mlango haufungwi na mtu mmoja, Merle. Mmoja anabeba uzito wote na kuutuliza hapohapo bila kutikisika, mwenzake anaingiza bolti. Wewe umenishauri juu ya kufuli na wauguzi na rangi ya milango ya nyuma, na hukuniuliza hata mara moja nani anashika.

Mimi ndiye ninayeshika. Kila asubuhi tangu mwaka juzi. Mimi ndiye Kaz. Ananitania kwa Kipolandi nisichokijua, ananigombeza nikitetemeka, ananiambia habari za mke wake Arlene, kwamba anapika vizuri lakini supu yake ina chumvi. Jioni siku nyingine ananitambua, siku nyingine ananiuliza kwa adabu kama natafuta mtu. Na bega si uzee. Nyama zake zimechanika, daktari amenionyesha kwenye picha.

Basi siku ile niliinuka niende. Pruitt akaniwekea mkono mbele, akavua koti. "Leo nitashika mimi, mama."

Norb akamtazama toka juu mpaka chini. "Huyu nani?"

"Mpya," nikasema.

"Mikono laini hiyo. Umetoka ofisini?"

"Nilikuwa nang'oa meno," Pruitt akasema.

"Meno! Haya, shika hapa, na usiuachie mpaka nikwambie. Si kwa mgongo, bwana, kwa magoti! Hata Kaz alikuja mjinga hivyohivyo."

Nikakaa kwenye ngazi ya gereji kuwaangalia wasije wakaumizana. Nilichokumbuka baadaye ni kwamba mtu amenifunika koti begani. Nilikuwa nimelala pale pale, nimekaa, mchana mweupe. Mlango ulikuwa umekwisha fungwa. Pruitt analowa jasho, shati lake lile jeupe halifai tena, na anapitisha dole gumba kwenye nafasi ya mlango kama Norb anavyofanya. Akaniambia hajaona mlango uliokaa sawasawa namna hiyo katika gari lolote alilo nalo. Usione vyaelea, vimeundwa, na aliyeunda alikuwa anakula mkate wa maini amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Pruitt ni mkweli. Alisema bolti za mlango ule zimeharibika, hazina dawa. Lakini milango ya nyuma ni mizima, na sakafu haina kutu, kwa hiyo bado anavutiwa, na nikisema ndiyo analipandisha sasa hivi. Nilitaka kusema ndiyo. Nakuandikia hivyo wazi ili usinifanye mtakatifu. Neno lilikuwa mdomoni. Norb akainua kichwa akaniuliza, "Mpya atakuja Jumatatu?"

Nikamwambia Pruitt hapana. Ahadi yako nimeivunja mimi. Akipiga simu kulalamika, mwambie dada yako ni mkaidi. Sidhani atalalamika. Alimpa Norb mkono, akaondoka na tela tupu.

Watu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nilipona asubuhi moja. Jumatatu nilirudi kushika mimi, na bega likagoma. Mlango ulishuka, ukakwangua kizingiti. Norb akaweka spana chini, akasema, "Kaz, umezeeka," akaanza kulia.

Watanipasua Septemba mwishoni, na baada ya hapo mkono utakuwa kwenye kitambaa mpaka baada ya Krismasi. Sina mtu mwingine. Bi Halvorsen ana miaka themanini na nne.

Sijakuomba kitu tangu tulipokuwa watoto, na sikujua kuomba ni kugumu hivi. Njoo, Merle.

Arlene


(Kadi ya posta, picha ya hoteli ya barabarani yenye taa)

Tucumcari, New Mexico
9 Septemba 2018

Arlene,

Nimefika hapa, goti limevimba kama boga, lakini gari ni zima. Funguo za nyumba nimemwachia jirani. Ukiniona nimezeeka usiseme.

Sijui kufunga mlango, lakini kushika naweza. Usimwambie Norb kwamba shemeji yake anakuja, atanitafuta usoni na hatanipata. Mwambie Kaz alikwenda likizo, amerudi. Akiniita nitaitika.

Wewe asubuhi hiyo usitie mguu gerejini. Chana nywele, kaa jikoni, upike ile supu yako ya chumvi. Akiingia kula mchana, amkute mkewe.

Merle